Mwenyeji Atupeleka Jangwani

Jumapili, 4 Mei

Tumepoteza safari ya Desemba. Imepotea leo mchana, sebuleni kwa mama mkwe, kati ya kikombe cha kwanza cha chai na cha pili, na aliyeipoteza alikuwa amesimama, mkono mmoja mfukoni, kama mtu anayegawa urithi wake mwenyewe.

Tulikuwa tumekubaliana tangu mwaka jana. Watu wazima watano na watoto watano, familia nzima, kwenda ule mji wa jangwani wenye maghorofa ya vioo, mwezi wa kumi na mbili, wakati jua la kule linakuwa na adabu. Leo shemeji, kaka mkubwa wa mume wangu, ametangaza kwamba ameihamisha safari. Tunaondoka tarehe 9 Julai. Hoteli ni nusu bei, watoto wana likizo, na Julai huku kwetu ni baridi, kwa hiyo tunaikimbia baridi tunakwenda kuota jua. Wakapiga makofi. Mkewe alipiga kwa nguvu mpaka bangili zikagongana.

Hakuna aliyeuliza kwa nini hoteli ni nusu bei. Mimi nina dobi yangu, nyumba ya kufulia nguo, niliianza kwa pasi moja ya mkaa na leo nina wafanyakazi tisa. Biashara imenifundisha kwamba kitu kikishuka hadi nusu, kuna kilichooza ndani, na muuzaji anajua ni wapi. Nikasema Julai kule ni nyuzi joto arobaini na tano kivulini. Nikasema baridi ya huku haiwahusu wa kule, wao wakati huo wako katikati ya kiangazi chao. Shemeji akanitazama kwa huruma ya mtu aliyesafiri.

"Shemeji, mimi kule ni mwenyeji."

Uenyeji wake naujua. Alikwenda mara moja, mwezi wa Januari, kutafuta magari ya yadi yake. Alilala siku mbili. Kiwanja cha ndege kina kiyoyozi, teksi ina kiyoyozi, hoteli ina kiyoyozi, na magari aliyaangalia kutoka dirishani. Kuanzia leo, katika kurasa hizi, ataitwa Mwenyeji.

Mume wangu akaulizwa anaonaje. Akasema, "Tutaona." Hilo ndilo neno lake. Nadhani hata siku ya kuzaliwa, mkunga alipomuuliza kama anatoka, alijibu hivyo hivyo.

Jumatatu, 5 Mei

Baridi imeingia rasmi. Fundi wa pasi amekuja na soksi mbili mbili. Wateja wanaleta makoti yenye harufu ya kabati.

Ijumaa, 9 Mei

Niandike kwa nini nina hasira, maana hasira isiyo na sababu ni ya walevi.

Mwanangu wa mwisho, tunamwita Kitinda, ana miaka mitano. Mwaka jana wakati wa joto alinifuata dobi. Nilikuwa mbele nabishana na mteja mmoja juu ya kifungo cha suti, naye akapenya hadi chumba cha kukaushia, nyuma, mlango ukajifunga. Mteja hakuwa na haki na kifungo hakikuwa changu, lakini ubishi ulikuwa mtamu, nikachelewa. Nilimkuta chini. Ngozi imekauka kama karatasi, moto wake wa kuunguza kiganja, macho yako wazi na hayaangalii kitu. Hakukuwa na tone la jasho. Mtu mzima angelowa chapachapa mle ndani.

Daktari alinieleza taratibu. Mwili wa mtoto huyu hautoi jasho la kutosha, amezaliwa hivyo, na jasho ndilo linalopoza mtu. Ataishi vizuri, atasoma, atacheza, ila joto kali kwake si karaha, ni hatari. Mtu akimwona amekuwa mkavu na moto, asisubiri: maji, vitambaa vya baridi, kisha hospitali.

Mume wangu alifika mtoto ameshakaa kitandani anadai juisi. Alisimama mlangoni akasema, "Mbona mzima?" Hilo swali hajawahi kulitua. Haniambii kwamba nilidanganya, husema tu "ile siku yako ya dobi", kama vile mtoto aliugua kwa ajili ya kunipamba mimi.

Jumapili, 18 Mei

Mwenyeji amekusanya pasi za kusafiria za watu wote kumi, eti kwa usalama, kisha akatusomea ratiba. Siku ya kwanza, soko la wazi, asubuhi hadi jioni. Siku ya pili, jangwani kuteleza juu ya vilima vya mchanga, kuondoka saa saba mchana, "ili tulikute jua likiwa na nguvu zake." Aliyasema haya akiwa amevaa sweta.

Nikamuuliza mchanga wa saa saba una joto gani. Akasema mchanga ni mchanga. Nikamuuliza watoto watavaa nini miguuni. Akasema raha ya mchanga ni kuukanyaga. Nikaacha kuuliza, maana yai unalivunja kwenye kikaango, hulifundishi.

Mkewe ametushonea sare za picha, wote kumi. Nyeusi. Nilikishika kile kitambaa kati ya vidole viwili. Nakijua, kinapita mikononi mwangu kila wiki. Hakipitishi hewa hata ukikisihi. Akaniambia, "Mwenzangu, nyeusi inatutoa vizuri na mchanga." Nikamwambia itatutoa vizuri sana, mmoja mmoja, kwa machela. Alicheka, akadhani ni mzaha.

Jumatano, 21 Mei

Nimepanga ratiba yangu. Simtegemei mtu wa kunifikiria.

Nimeipanga kama ninavyopanga zamu za chumba cha pasi, ambako mtu hakai mfululizo, anatoka, anakunywa, anapumzika, anarudi. Watoto waamke alfajiri. Matembezi ya nje yaishe saa mbili asubuhi. Baada ya hapo ndani: kuna jumba la samaki, kuna ukumbi wa barafu ambako watoto wanateleza, kuna maduka makubwa ambayo mtu anaweza kutembea siku nzima bila kuona mbingu. Mchana kulala, mapazia chini. Bwawa jua likishazama. Hoteli iwe karibu na vitu, tusiwe tunangoja magari barabarani. Kila mtu mzima ashike mtoto wake na chupa yake. Na Kitinda, kama Julai ni lazima, asitoke nje mchana hata kuvuka barabara. Lakini dawa hasa ni kurudi Desemba.

Nimeituma kwenye simu za wote.

Alhamisi, 22 Mei

Mwenyeji amejibu: "Shemeji, tumelipia kwenda kulala? Vitanda hata nyumbani vipo." Mkewe akaweka vichwa vya kucheka kumi na viwili. Mume wangu ameisoma na hakujibu. Alikuwa amekaa hatua mbili kutoka nilipo, namuona anasoma.

Jumamosi, 31 Mei

Asubuhi maji ya bomba yanauma meno. Mama mkwe amepiga simu kuniambia habari za magoti yake. Goti la kulia linalia likikunjwa, la kushoto linalia likinyooshwa. Amehesabu siku zilizobaki kama mtoto anayengoja sikukuu, anataka jua la kule liingie mpaka kwenye mifupa. Nikamwambia Mama, jua la kule likiingia halitoki. Akasema, "Wewe mkwe wangu una maneno ya sabuni, yanawasha."

Kikongwe kinaota jua kama mjusi. Ili goti moja lipate raha, watu tisa wabanikwe.

Jumanne, 3 Juni

Leo tumepokea blanketi sitini za hosteli. Wanafunzi wanalala na chakula.

Alhamisi, 5 Juni

Leo nilimwalika Mwenyeji dobi. Nilimwambia nataka kumpa vitambaa vya kufutia magari ya yadi yake, akaja mbio, kwa bei ya bure mtu huyu angekuja hata kuzimu. Mume wangu akaja naye.

Nikawapeleka chumba cha pasi. Kipimajoto kiko ukutani, nyuzi thelathini na nane. Mwenyeji akafungua vifungo viwili, akapepea shingo, akasema hili ni joto la mvuke, joto baya, la kule ni kavu, joto kavu haliumi. Fundi wa pasi akainamia shati alilokuwa nalo, mabega yakawa yanacheka peke yake.

"Umesema kavu, shemeji?" nikamuuliza. "Basi njoo huku, kavu tunalo."

Nikawafungulia chumba cha kukaushia. Nyuzi arobaini na sita, hewa kavu kama ulimi wa mgonjwa. Nikamwekea kiti. Nikamwambia hapa ndipo saa saba mchana, jangwani, siku ya pili ya ratiba yako, ila hapa nimekuondolea jua kwa heshima. Akakaa, akakunja nne. Akaanza kutueleza habari za gari fulani. Sentensi zake zikawa zinafupika. Akaacha kukunja nne. Akatazama mlango, akatazama viatu vyake, akasema amekumbuka kuna mteja anamsubiri. Hata robo saa haikufika. Alikunywa chupa nzima ya maji akiwa amesimama nje, na mvuke ukawa unamtoka kichwani katika ile baridi kama chungu kilichofunuliwa.

Nilidhani nimeshinda. Mtu mwenye akili angesema basi. Yeye aliporudisha pumzi akanigonga bega: "Umeniweza. Lakini kule, shemeji, ukitoka nje unarudi ndani. Kiyoyozi kila mahali."

Nikamgeukia mume wangu. Yeye alibaki mlangoni muda wote, hakuingia. Alikuwa anaangalia sakafu pale nilipomwokota mtoto. Nikangoja aseme neno. Akauliza kama vitambaa vya magari ni vya bure kweli.

Jumanne, 10 Juni

Ukungu mpaka saa nne. Kitinda amejifunza kuandika neno ndege na kuchora mabawa yake.

Jumapili, 15 Juni

Nimeshinda dobi, kuna hoteli imeleta mashuka yake yote kwa mkupuo. Mume wangu aliwapeleka watoto kwa bibi yao. Walirudi jua halijazama. Kitinda alikuwa amelala begani mwake, nywele zimelowa. Nikauliza kwa nini nywele mbichi katika baridi hii. Akasema wameoga kwa bibi, walikuwa wamechafuka. Nikamsifu. Baba mwenye kuogesha watoto bila kuambiwa ni wa kutafuta kwa tochi.

Jumatatu, 16 Juni

Mtoto hataki kula, kichwa kinamuuma. Nikadhani mafua ya zile nywele mbichi. Mume wangu hakwenda kazini asubuhi; alimpikia uji mwenyewe, akakaa naye, akawa anamshika paji la uso kila wakati. Mtu huyu hajui hata sufuria ya uji ni ipi, leo kaijua. Nilipopita mlangoni nikamwona anambusu vidole. Labda nimemdharau kupita kiasi. Ningekuwa mwadilifu ningeandika hivyo kwa herufi kubwa. Nimeandika kwa herufi ndogo, inatosha.

Jumamosi, 21 Juni

Leo nimekaribia kulegea.

Tulikuwa tunakunja nguo za watoto. Mume wangu akaanza kusema, jambo la nadra, mimi nikaendelea kukunja ili nisimshtue. Alikuwa na miaka saba. Baba yao alipata safari ya ndege kwenda kumwona ndugu, na nafasi ya mtoto ilikuwa moja. Akachukuliwa mkubwa. Yeye aliachwa kwenye uzio wa kiwanja na mama yake, ndege ikapaa, mama akamwambia apunge mkono. Hakujua apunge upande gani. Kaka aliporudi alizungumza habari za mawingu mwaka mzima, na mpaka leo akikaa mezani ni kama bado yuko juu ya mawingu na wengine tuko kwenye uzio.

"Sitaki mtoto wangu yeyote abaki kwenye uzio," akasema.

Nilimwelewa. Kwa mara ya kwanza nilielewa kwa nini mtu mzima, mpima ardhi, anayewaambia watu wenye mashoka kwamba mpaka wao unaishia hapa, akifika mbele ya kaka yake anakuwa jani. Nikanunua chupa mbili za kunyunyizia maji, mwavuli mdogo, nguo za pamba nyeupe. Nikajiambia labda kwa ratiba yangu, mchana ndani, mimi mwenyewe nimshike, huenda ikawezekana. Mume atanisaidia. Mwenye kupika uji atashika na chupa.

Jumanne, 24 Juni

Kule leo ni nyuzi arobaini na saba. Nimemtumia Mwenyeji. Amejibu kwa picha ya miwani ya jua.

Jumapili, 29 Juni

Mume wangu yuko kazini mbali tangu jana, kuna shamba la watu wanaogombana. Nilikwenda kwa mama mkwe peke yangu kumpelekea blanketi lake nililomfulia. Nilikuta sebule ni ya baridi na hita imewekwa pembeni, imefunikwa kwa kitambaa. Yeye amejikunyata kwenye kiti, magoti yamezungushiwa mashuka mawili. Nikasema Mama, hita imeharibika? Nimtume fundi? Akasema haijaharibika. Nikaenda kuiwasha.

"Iache," akasema. "Kaa chini."

Nikakaa. Akanieleza, na alinieleza bila kuzunguka, jambo ambalo sikulitegemea kwake.

Ile Jumapili ya tarehe kumi na tano baridi ilimzidi, akafunga madirisha yote, akawasha hita mpaka mwisho. Watoto walikuwa humo humo. Mtoto mkubwa wa Mwenyeji akasema wacheze jangwani, wakajitwika mablanketi, wakawa ngamia, wanazunguka meza. Wakubwa walikuwa jikoni na ratiba. Kitinda alikuwa ngamia wa mwisho. Wakaona ngamia wa mwisho hazunguki. Wakamfunua.

Aliyeitwa alikuwa baba yake. Alimkuta mkavu na moto, macho yako wazi. Mama mkwe anasema mwanawe alipiga ukelele ambao hajausikia tangu akiwa mdogo. Alimbeba hadi bafuni, akafungua maji, akaketi naye chini ya bomba na nguo zake zote, anamwita jina. Muda gani, bibi hajui, anasema kwake ilikuwa kama usiku wa mazishi. Kisha mtoto akalia, na kulia kwake kukawa dawa ya nyumba nzima. Mwenyeji na mkewe walikuwa wameshatoka kumpokea mteja. Wao hawakuona kitu. Hakuna aliyempeleka hospitali.

Mume wangu akabadili shati, akavaa la marehemu baba yake. Akawaita watoto wote, akawaambia wasimwambie mama. Akamwambia na mama yake hivyo hivyo.

Kwa hiyo zile nywele. Kwa hiyo ule uji. Kwa hiyo kukunja nguo na habari za uzio, siku sita baada ya kukaa chini ya bomba na mtoto aliyekuwa anazimika. Na mimi nikanunua mwavuli.

Nilimuuliza mama mkwe kwa nini ananiambia leo. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, tena kwa raha, miaka kumi na moja nimekuwa nikimlimbikizia. Akayatazama magoti yake.

"Haya yana miaka sabini na moja. Yule ana mitano. Mimi sina hesabu zako, lakini hiyo naiweza." Akayakaza mashuka magotini. "Hita niliwasha mimi. Sitaiwasha tena, na huko kwenye jua siendi."

Basi Mama, nikamwambia, waambie wanao, wewe wakikusikia watatulia. Akakataa. Akasema atasema, ila baada ya baba wa mtoto kusema. "Nikitangulia mimi atajificha nyuma ya gauni langu. Nilimzoesha vibaya. Yule mkubwa nilimwachia barabara yote, huyu nikamwachia gauni."

Nilimwita mjusi katika kurasa hizi. Mjusi angewasha hita. Nikamfunika magoti kwa blanketi nililomletea, nikamkandakanda, wala hakusema nina maneno ya sabuni. Tulikaa katika ile baridi kama wezi wawili.

Jumatatu, 30 Juni

Asubuhi nimempeleka Kitinda kwa daktari. Yuko salama. Daktari alisema maji yale ya bomba yalimwokoa, halafu akaniuliza kwa nini mtoto ameletwa baada ya majuma mawili. Nikainama kumfunga mtoto viatu.

Kesho saa nne asubuhi Mwenyeji anapeleka pasi za kusafiria kwa wakala kumaliza mambo ya tiketi. Nimempigia mchana kumwambia mtoto aliugua. Akasema mume wangu hajamwambia kitu, na kwamba mimi tangu mwanzo natafuta sababu. Sikumshangaa. Mtu wa namna hii unaweza kumdharau ukiwa umekaa, hakusumbui. Yeye ni mjinga aliyekanyaga asichokijua. Mwingine alikijua, alikishika mikononi kikiwa moto, kisha akakifuta maji akakificha.

Mume wangu atarudi leo jioni kwa basi la mwisho, nami nitakuwa nimelala kwa mama yake na watoto wote wawili. Nimemwandikia kwenye simu. Nanakili hapa maneno yenyewe, nisije nikaambiwa nilisema jingine:

"Baba watoto. Mama ameniambia ya tarehe kumi na tano, yote, mpaka shati. Mtoto hasafiri Julai. Hilo sikuombi, nakuarifu, na kesho nitaichukua pasi yake mkononi mwa kaka yako hata kama itabidi niichukue na mkono. Kumwokoa umemwokoa wewe, na nakushukuru kutoka moyoni. Kuficha pia umeficha wewe. Siku nikishinda dobi, mtoto anashinda nawe. Lazima nijue ninamwacha na nani. Kwa hiyo sitaki uniombe radhi, na usinielezee habari za ndege. Kesho saa tatu tutakuwa sebuleni kwa mama, mimi, yeye, na kaka yako nimeshamwita. Utasimama mbele yake useme kwa kinywa chako ulichokiona chini ya lile blanketi, ndiyo au hapana? Nijibu neno moja kabla ya saa tatu asubuhi."